Mlango wa Halle

Nilikwenda Halle, mashariki mwa Ujerumani, kwa ajili ya Anton Wilhelm Amo. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Ghana, na mwaka 1729 alitetea mbele ya chuo kikuu cha mji huo hoja kuhusu haki za kisheria za Waafrika walioishi Ulaya. Maandishi yake yamepotea. Nilipokuwa nikitafuta habari zake, nikakutana na habari za mlango.

Ni mlango wa sinagogi. Tarehe 9 Oktoba 2019 Wayahudi wa Halle walikuwa katika Yom Kippur, siku yao ya toba na kufunga. Saa sita mchana kijana wa miaka 27 alifika na bunduki na vilipuzi, akijirekodi mubashara mtandaoni. Jina lake silitaji, kwa kuwa alitaka sana litajwe. Nje hapakuwa na askari hata mmoja. Ndani walikuwamo watu zaidi ya 50. Aliupiga mlango risasi, lakini haukufunguka.

Akamuua mwanamke aliyekuwa akipita njia, kisha akaenda kwenye duka la kebab na kumuua kijana aliyekuja kula chakula cha mchana. Hakuna kati yao aliyekuwa Myahudi.

Kwa nini mtu anayewawinda Wayahudi aende kwenye duka la kebab? Kwa sababu aliamini kwamba Wayahudi ndio wanaowaleta wahamiaji Ulaya. Kwake, Myahudi na Mwislamu walikuwa adui mmoja. Uongo wa namna hii ni wa zamani. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, Wajerumani wengi waliambiwa kwamba jeshi lao halikushindwa, bali lilisalitiwa, na msaliti akatajwa kuwa Myahudi. Novemba 1938 sinagogi kuu la Halle liliharibiwa. Jengo lililoshambuliwa 2019 lilijengwa 1894 kwa ajili ya kuagia maiti makaburini, na likafanywa sinagogi mwaka 1953. Yaani waliobaki walihamishia sala zao katika nyumba ya msiba.

Mwaka 2018 Alexander Gauland, kiongozi wa chama cha AfD, alisema kwamba Hitler na Wanazi ni kinyesi tu cha ndege katika historia ya Ujerumani ya zaidi ya miaka 1,000 ya mafanikio. Sisemi kwamba kauli hiyo ndiyo iliyomtuma muuaji. Nasema kwamba utaifa unaoanza kwa kuyapunguza maovu ya jana huwapunguza pia waliouawa. Februari 2025 chama hicho kilishika nafasi ya pili katika uchaguzi wa Ujerumani kwa asilimia 20.8 ya kura.

Polisi wamezoea kutafuta chama, viongozi na vikao. Huyu hakuwa navyo. Aliiga mauaji ya Christchurch ya Machi 2019, ambako Waislamu 51 waliuawa misikitini. Miezi minne baada ya Halle, huko Hanau, mwingine aliwaua watu tisa wenye asili ya uhamiaji. Wauaji hawa hawakuhitaji kukutana. Mtandao uliwatosha.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wale wawili wa Halle hawakupata hata nafasi ya kutia maji. Walikuwa Wajerumani, mchana, mjini.

Mlango wenye matundu ya risasi uliondolewa mwaka 2020 na kuwekwa uani kama kumbukumbu. Watu husema mlango uliwaokoa, na ni kweli. Lakini swali la Amo, la nani ana haki gani Ulaya, halikupaswa kuachiwa ubao na kitasa.