Kumwona bakteria bila kupasua

Mgonjwa aliyewekewa nyonga bandia anarudi kliniki miezi kadhaa baadaye akilalamika maumivu. Je, ndani mna bakteria, au ni uvimbe tu usio na vijidudu? Daktari akikosea upande mmoja, anampasua mtu bure. Akikosea upande wa pili, usaha unaendelea kula mfupa.

Eksirei aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895 huonyesha umbo: mfupa ulioliwa, pafu lenye doa. CT na MRI zilikuja kuinoa picha hiyo, lakini kilichoonekana kilibaki kuwa umbo, na umbo hubadilika madhara yakiwa yamekwisha kutokea.

Njia nyingine ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1969, Edwards na Hayes wa Oak Ridge, Tennessee, waliripoti kuwa galiamu-67, madini yenye mnururisho waliyomdunga mgonjwa wa saratani ya Hodgkin kwa nia ya kuchunguza mifupa, ilikimbilia kwenye tezi zenye saratani. Haikupita miaka mingi ikabainika kuwa hujikusanya pia penye usaha. Tatizo ni kwamba mgonjwa alisubiri siku mbili tatu kabla ya kupigwa picha, na kwa kuwa galiamu hutoka kupitia utumbo, tumbo lilijaa mng'ao uliolificha jipu lililokuwa likitafutwa.

Katikati ya miaka ya 1970, Mathew Thakur na wenzake katika hospitali ya Hammersmith, London, walitumia askari wa mwili wenyewe. Mgonjwa alitolewa damu, chembe nyeupe zikatengwa maabara, zikapakwa indiamu-111 yenye mnururisho, kisha zikarudishwa mshipani. Zikaenda zilikozoea kwenda, nayo kamera ya gama ikazifuata. Ni kazi ya saa kadhaa inayotaka mikono safi na uangalifu mkubwa, maana damu ya mtu haipaswi hata kidogo kuingia kwa mwingine. Hadi leo kipimo hiki, na ndugu yake anayetumia teknishiamu badala ya indiamu, kinaheshimika hospitalini.

Hata hivyo, chembe nyeupe hukimbilia uvimbe, uwe na bakteria au usiwe nao. Ndiyo maana mwaka 1993 watafiti wa hospitali ya St Bartholomew's, London, walipoifunga teknishiamu kwenye siprofloksasini, dawa inayojibandika kwenye kimeng'enya cha bakteria, matumaini yalipanda. Waliita dawa yao Infecton, ikajaribiwa katika nchi kadhaa. Lakini watafiti wa Ufaransa walipoijaribu kwa sungura waliowekewa magoti bandia, ilishindwa kutofautisha goti lenye maambukizi na lisilo nayo. Naona hii ndiyo sehemu yenye funzo kubwa kuliko zote katika historia hii: dawa inayoua bakteria si lazima iwe dawa ya kumwonyesha alipo.

Jibu zuri zaidi lilitoka kwenye chakula cha bakteria. Sorbitoli, sukari ya peremende zisizo na sukari ya kawaida, huliwa na familia ya E. koli na Klebsiela, wakati chembe za mwili wetu karibu haziigusi. Mwaka 2014, kundi la Sanjay Jain katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, liliichukua FDG, ile glukosi yenye mnururisho inayotumiwa kila siku kwenye skani ya PET ya saratani, likaigeuza kuwa FDS kwa hatua moja ya kikemia. Kisha panya akadungwa E. koli hai paja moja, na waliouawa kwa joto paja la pili. FDG iling'aa kwenye mapaja yote mawili. FDS iling'aa kwenye lile lenye bakteria hai tu. Mwaka 2021 walichapisha matokeo ya wagonjwa. Mipaka ipo: FDS haimwoni bakteria wa Stafilokokasi, na kwa kuwa hutoka kwa mkojo, figo na kibofu hung'aa daima.

Kwetu Afrika Mashariki, habari yenye uzito zaidi ilitoka mwaka 2024. Watafiti wa Uingereza na Marekani walieleza jinsi FDG hiyohiyo inavyogeuzwa kwa vimeng'enya kuwa FDT, inayofanana na trehalosi, sukari ambayo bakteria wa kifua kikuu huitumia na mwili wa binadamu hauitengenezi. Kwa nyani wenye kifua kikuu iliyaonyesha madonda ya mapafuni yenye vijidudu hai, na utengenezaji wake hauhitaji maabara kubwa ya kemia palipo na FDG tayari.

Kenya na Tanzania zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na Nairobi tayari kuna hospitali zenye skani ya PET, zinazoitumia zaidi kwa saratani. Wizara zetu za afya na vyuo vyetu vya tiba viombe nafasi katika majaribio ya FDT kwa binadamu sasa, kabla hayajapangwa yote kwingine.