Wawinda Dhoruba na Swali la Mjomba

Kila mwaka ifikapo mwezi wa tano mimi hulala usiku sana. Wenzangu wa hosteli hudhani nasomea mtihani, kumbe natazama mawingu ya Oklahoma kwenye simu. Dhoruba za huko hukomaa jioni, na jioni yao ni saa saba au saa nane za usiku wetu hapa Kampala. Majira yao ya baridi yakifika nahamia kwenye utabiri wa theluji, kitu ambacho sijawahi kukigusa. Mjomba wangu, mvuvi wa Ziwa Viktoria, aliwahi kuniuliza: mtu mwenye akili timamu anaifuataje dhoruba badala ya kuikimbia? Insha hii ni jaribio la kumjibu.

Nianze na wakati ambapo watu hawakuonywa. Januari 12, 1888, kwenye nyanda za Dakota na Nebraska, asubuhi ilikuwa na joto lisilotarajiwa katika msimu ule. Watoto wengi walikwenda shule bila makoti mazito. Baadaye siku hiyo baridi kali ikaja ghafla, pamoja na theluji iliyosukumwa na upepo hadi mtu asione mkono wake. Wengi walipotea njiani wakirudi nyumbani. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 235.

Kuhusu tornado, ule upepo unaozunguka kama nguzo kutoka tumboni mwa wingu mpaka ardhini, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 watabiri wa serikali ya Marekani walikatazwa kulitumia neno hilo katika utabiri, kwa hofu kwamba wananchi wangetaharuki. Machi 18, 1925, tornado moja ilipita Missouri, Illinois na Indiana na kuua watu 695. Utabiri wa siku hiyo haukuitaja. Nikisoma habari hiyo huwa najiuliza ni taharuki gani ingeweza kuua watu wengi hivyo.

Mwanya ulipatikana jeshini. Machi 20, 1948, tornado iliharibu ndege katika kambi ya Tinker, Oklahoma. Siku tano baadaye maofisa wawili, Fawbush na Miller, waliona ramani ya hewa inafanana na ile ya siku ya maafa, wakatoa onyo. Jioni hiyo tornado ikaipiga kambi ileile.

Lakini ramani haioni wingu. Aliyetoka kwenda kuliona ni kijana wa Bismarck, North Dakota, aitwaye David Hoadley. Mwaka 1956 dhoruba iliupiga mji wao, naye tangu hapo hakutulia. Alijifunza kutabiri mwenyewe, akaendesha gari maelfu ya kilomita kwa fedha zake, akapiga picha na kuchora mawingu. Hakuwa mwanasayansi; aliajiriwa katika ofisi ya serikali na likizo zake alizimalizia barabarani. Roger Jensen wa Minnesota alikuwa ameanza miaka michache kabla yake. Mwaka 1977 Hoadley alianzisha jarida dogo, Storm Track, ili watu wa aina yake wafahamiane.

Wanasayansi nao walifika. Mei 24, 1973, watafiti wa Norman pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oklahoma waliipiga picha tornado ya Union City tangu kuzaliwa hadi kufa kwake, huku rada ya Doppler ikiipima kutoka mbali. Picha na vipimo vilipolinganishwa, ilijulikana alama ambayo tornado huiacha kwenye rada. Katika miaka ya 1990 rada za aina hiyo zilisambazwa nchi nzima. Hata hivyo, dunia ni mviringo: miale ya rada kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyopita juu zaidi, isione kinachotendeka karibu na ardhi. Ndiyo maana hadi leo wako watu wa kujitolea wanaosimama kando ya barabara na kupiga simu kusema wameona nini.

Upande wa theluji, sifa kubwa ni za kompyuta, si za wawindaji. Machi 1993 dhoruba kubwa ya mashariki mwa Marekani ilitabiriwa siku kadhaa mapema, na baadhi ya majimbo yakatangaza hali ya dharura kabla theluji haijaanguka. Bado walikufa zaidi ya watu 200.

Sitaki kumdanganya mjomba kwamba wote wanatoka ili kuokoa maisha. Wengi wanafuata msisimko, na wapo wanaoshangilia wingu linaloelekea kwenye nyumba za watu. Mimi mwenyewe nimewahi kufurahia picha kabla ya kukumbuka kwamba pale pana kijiji. Tim Samaras hakuwa wa kundi hilo. Hakuwa na shahada yoyote, lakini alibuni vyombo vya kuwekwa njiani mwa tornado, na mwaka 2003 huko Manchester, South Dakota, kimoja kilipima mgandamizo wa hewa ukishuka kwa milibari 100. Mei 31, 2013, karibu na El Reno, tornado iliyotanuka hadi kilomita 4.2 ilibadili mwelekeo na mwendo. Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young walifia hapo. Alikuwa mwangalifu kuliko wengi.

Nilimsimulia mjomba haya yote kwa simu. Alinyamaza kidogo, akauliza kama huyo mtoto alikuwa na umri gani. Nikamwambia miaka 24. Akasema usiku ule hawatoki, kuna wingu upande wa Ssese halimpendezi, kisha akaniagiza nikatazame kwenye simu yangu nimwambie lina nini ndani.