Kutoka Tunguu hadi Makoongwe: safari ndefu ya kuita msaada kwa satelaiti

Makoongwe ni kisiwa kidogo kinachotazamana na bandari ya Mkoani, kusini-magharibi mwa Pemba. Anayetaka hospitali au soko kubwa huvuka kwa boti, na akisimama ufukwe wa mashariki huiona Mkoani waziwazi, na meli za Unguja zikiingia na kutoka. Upande wa magharibi ni habari nyingine. Huko ndiko kwenye Mkondo wa Pemba, bahari ya kina cha mamia ya mita inayokitenga kisiwa na bara. Maji yake yanakwenda kasi, na simu hupoteza mtandao kabla hujafika kati.

Wapemba wameyasafiri maji hayo tangu enzi za matanga ya ukindu. Wanavuka kwenda Tanga, wanavuka kwenda pwani ya Kenya, na wanakwenda dago. Dago si safari ya siku moja. Wavuvi wanahamia pwani ya mbali kwa wiki au miezi, wanalala kwenye vibanda vya makuti, wanafuata samaki na upepo. Nyumbani watu wanajua siku waliyoondoka. Siku ya kurudi inajulikana kwa kukisia tu: kusi likitulia, bamvua likipita, samaki wakipungua. Kwa hiyo chombo kikipinduka siku ya tatu, inaweza kupita wiki mbili kabla mtu hajaanza kuuliza.

Kwa karne nyingi msafiri wa baharini aliyefikwa na balaa alikuwa na macho na sauti yake tu. Alipunga shuka, aliwasha moto, alipuliza baragumu, na baadaye akamulika tochi. Zote hizo zinamtaka mtu mwingine awe karibu, na awe anatazama upande huo huo. Redio ilibadilisha mambo kwa meli kubwa. Titanic ilipozama Aprili 1912, meli iliyoisikia kwa redio ndiyo iliyowaokoa waliobaki, na miaka miwili baadaye mataifa yakatia saini mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini. Dau la Pemba halikuwamo katika mawazo ya mtu yeyote pale mezani.

Kisha ikaja satelaiti, na hapa historia inapita mlangoni mwetu, jambo ambalo vijana wengi wa Visiwani hawajawahi kusimuliwa.

Sputnik, satelaiti ya kwanza, ilirushwa na Wasovieti tarehe 4 Oktoba 1957. Huko Maryland, Marekani, wataalamu wawili, William Guier na George Weiffenbach, waliketi kuusikiliza mlio wake. Wakagundua kwamba mlio unabadilika kadiri satelaiti inavyokaribia na kuondoka, kama mlio wa pikipiki inayokupita barabarani: ikija ni mkali, ikishapita unashuka. Kwa kuyapima mabadiliko hayo, waliweza kuijua njia ya satelaiti. Mkubwa wao, Frank McClure, akaligeuza swali: kama njia ya satelaiti inajulikana, je, haiwezekani kumjua aliye chini yuko wapi? Kila kifaa cha kuita msaada kilichokuja baadaye kimezaliwa na swali hilo.

Miaka michache baadaye Zanzibar iliingizwa katika kazi za anga bila ya wengi kuielewa. Marekani, katika mpango wake wa Mercury wa kumpeleka mtu angani, ilihitaji vituo vya kumfuatilia katika kila pembe ya dunia, ili asipotee masikioni kwa muda mrefu. Kimoja katika vituo hivyo 18 kilijengwa Tunguu, Unguja. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, alipita juu ya Kano, Nigeria, akasogea mashariki, na sauti yake ikapokewa Tunguu kabla hajaingia Bahari ya Hindi. Walioipinga Tunguu walikuwapo, wakihofia kwamba ni kambi ya kijeshi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliwataka Wamarekani waondoke, na kituo kikafungwa mwaka huohuo. Siasa za wakati ule zilikuwa na sababu zake. Lakini ni haki kusema kwamba mmoja wa wasafiri wa kwanza kulindwa kwa mawasiliano ya anga alisikilizwa kutoka shamba la Unguja, huku mvuvi wa Makoongwe hakuwa na wa kumsikiliza.

Pwani ya Kenya nayo ilipata zamu. Karibu na Malindi, Waitalia chini ya Luigi Broglio waliweka majukwaa baharini na kurusha satelaiti kutoka hapo kuanzia mwaka 1967. Ile ya tarehe 12 Desemba 1970 ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa ilirushwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Ilikwenda kuchunguza miale ya nyota, wala haikuwa na kazi ya uokozi. Ila wavuvi wa Malindi waliiona roketi ikipaa juu ya maji waliyokuwa wakitega nyavu zao.

Kilichowasukuma wakubwa hatimaye kushughulikia uokozi ni msiba uliowagusa wao wenyewe. Tarehe 16 Oktoba 1972 ndege ndogo iliyokuwa na wabunge wawili wa Marekani, Hale Boggs na Nick Begich, ilipotea Alaska. Ilitafutwa kwa siku 39, na haikuonekana. Sheria za kuzilazimisha ndege kubeba vifaa vya dharura zikashika kasi. Hata hivyo vifaa vya mwanzo vililia katika masafa ya megahezi 121.5, ambayo yalihitaji ndege nyingine ipite jirani ndipo yasikike. Ilibaki kazi ya kuwapandisha wasikilizaji angani.

Kazi hiyo ilifanywa na mahasimu. Mwaka 1979, Vita Baridi vikiwa vimepamba moto, Marekani, Canada na Ufaransa zilikubaliana na Umoja wa Kisovieti kuunda mfumo mmoja wa kuwasaka waliopotea: Cospas-Sarsat. Satelaiti ya kwanza, Cospas-1, ilirushwa na Wasovieti tarehe 30 Juni 1982. Tarehe 10 Septemba mwaka huohuo watu watatu walioanguka na ndege milimani, British Columbia, Canada, waliokolewa baada ya satelaiti hiyo kuinasa sauti ya kifaa chao. Raia wa nchi za Magharibi, wamesikika na chombo cha Moscow. Miongoni mwa kazi zote za anga za karne iliyopita, sijui iliyo ya heshima kuliko hii.

Kifaa chenyewe kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kile cha chombo cha baharini ni boya la rangi ya manjano au ya chungwa, lina antena fupi juu na taa inayomemeta. Likifungwa katika kibebeo chake maalumu, meli ikizama mita chache tu, mgandamizo wa maji hulifungua lenyewe, likaelea na kuanza kuita bila kushikwa na mtu. Kila baada ya sekunde 50 hivi hutuma mlio wa nusu sekunde katika masafa ya megahezi 406. Betri hudumu saa 48. Kile cha mtu binafsi hutosha kiganjani. Unaikunjua antena, unakitazamisha mbinguni, unabonyeza, na kinaita kwa muda wa saa 24. Ndani ya mlio mmesukwa namba za kukitambulisha, zikianza na alama ya nchi. Ya Tanzania ni 674 au 677. Ikiwa kifaa kimesajiliwa, anayepokea huona jina la chombo, rangi yake, na simu ya ndugu wa kupigiwa. Kisiposajiliwa, hupata mahali tu, na muda mwingi hupotea katika kuuliza ni nani huyu.

Muda mrefu udhaifu ulikuwa katika kusubiri. Satelaiti za mwanzo zilipita chini chini, kiasi cha kilomita 850 hadi 1,000 juu ya ardhi, na aliye karibu na ikweta kama sisi alikaa muda mrefu zaidi kuisubiri ipite kuliko aliye jirani na ncha ya dunia. Sasa vipokezi vimewekwa ndani ya satelaiti zilezile za kuongoza njia, GPS, Galileo na GLONASS, zilizo kilomita 19,000 juu au zaidi, na wakati wowote kuna kadhaa zinazoitazama Pemba. Tangu Januari 2020 Galileo inaweza kurudisha jibu: taa inawaka kwenye kifaa na aliye majini anajua kwamba amesikika. Mtu aliyewahi kushika ubao wa chombo kilichopinduka usiku atajua thamani ya taa hiyo.

Kuita huku hakulipiwi. Hakuna ada ya mwezi, hakuna salio. Hapo ndipo kinapotofautiana na simu za satelaiti. Iridium ilianza Novemba 1998 na kufilisika mwaka uliofuata, kabla ya kufufuliwa. Leo inakubalika rasmi katika usalama wa meli. Thuraya iliundwa Falme za Kiarabu mwaka 1997, na mabaharia wa majahazi ya Ghuba waliipokea vizuri. Vikaja vifaa vidogo vya kutuma ujumbe, SPOT mwaka 2007 na inReach mwaka 2011, vinavyopendwa na wapanda milima. Novemba 2022 simu za iPhone zikaanza kuita msaada kwa satelaiti, huduma ikianzia Marekani na Canada. Vyote ni vizuri kwa mwenye kulipa. Kwa mvuvi, kifaa kisicho na ada ndicho chake, ingawa bei yake ya kununulia, dola 300 hivi za Marekani kabla ya usafirishaji na ushuru, ni mzigo wa kweli.

Basi kwa nini teknolojia ya mwaka 1982 haijafika kwenye ngalawa za Makoongwe? Jibu limo katika sheria zilizoibeba. Mfumo wa dunia wa mawasiliano ya dharura baharini ulianza kutumika kikamilifu tarehe 1 Februari 1999, ukaufunga ukurasa wa kuita kwa Morse. Unazibana meli za abiria zinazovuka mipaka na meli za mizigo za kuanzia tani 300. Safari za ndani ya nchi hazimo. Vyombo vya uvuvi havimo. Ndiyo kusema, njia ya Unguja hadi Pemba, inayobeba watu wetu usiku na mchana, iliachiwa sheria za nyumbani na uangalifu wa nyumbani.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, miaka 29 kamili tangu wale watatu wa Canada waokolewe, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Tume ya uchunguzi ilisema ilibeba watu 2,470, wakati uwezo wake ulikuwa mia sita na kitu. Miili 203 ilipatikana, 1,370 hawakuonekana. Kosa kubwa lilikuwa ni upakiaji, na hilo hakuna satelaiti inayoweza kulifuta. Lakini baada ya meli kupinduka, watu walielea gizani kwa saa nyingi wameshika magodoro, na waliowafikia wengi wao walikuwa wavuvi na boti za wazamiaji kutoka Nungwi. Pemba nzima ilizika, na wengine hawakupata cha kuzika. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe.

Yapo yaliyofanyika, mengine hata kabla ya misiba hiyo. Kituo cha uratibu wa uokozi cha Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 2006, na kile cha Dar es Salaam vinafanya kazi. Zanzibar ina Mamlaka yake ya Usafiri wa Baharini. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mei 2024, tahadhari zilitangazwa mapema na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Chini ya uchumi wa buluu serikali imegawa mamia ya boti za faiba kwa wavuvi na wakulima wa mwani. Boti ya faiba yenye mashine humpeleka mvuvi mbali kuliko ngalawa ilivyompeleka babu yake, na mbali huko ndiko simu isikoshika. Kumpa mtu uwezo wa kwenda mbali bila njia ya kuita ni kazi iliyofanywa nusu.

Na kuna nusu nyingine ambayo wauzaji wa vifaa hawaitaji. Januari 1997 Mwingereza Tony Bullimore alipinduka katika mashindano ya matanga, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Australia. Kifaa chake kiliita, lakini kilichomtoa hai baada ya siku kadhaa ndani ya chombo kilichopinduka ni manowari ya Australia iliyokwenda mpaka pale. Satelaiti hutoa habari tu. Lazima pawe na boti ya kwenda, nahodha wa kuiendesha na mafuta ndani ya tangi, na viwepo Mkoani, si Dar es Salaam.

Rai yangu kwa kamati za wavuvi za Mkoani na shehia zake ni kwamba zianze na wanaokwenda dago. Kundi la boti tano au sita likichanga, kifaa kimoja kinaweza kununuliwa, kikasajiliwa kwa jina la kundi na simu ya sheha, kikakaa kwa nahodha anayekwenda mbali zaidi. Betri ina tarehe yake ya kuisha, kwa kawaida baada ya miaka mitano hadi saba, nayo iandikwe ukutani mwa ofisi. Serikali kwa upande wake ivisamehe ushuru vifaa hivi, na inapogawa boti mpya, igawe pamoja navyo. Pia iweke Mkoani boti moja ya uokozi isiyotumiwa kwa shughuli nyingine yoyote, yenye mafuta wakati wote.