Mtoto wa Mbwa wa Oberkassel

Katika lugha yetu neno mbwa halina heshima kubwa. Mtu akitaka kumvunjia mwenzake hadhi humwita mbwa, na hapo ugomvi huanza. Asiye na makao wala wa kumtazama, huyo ni mbwa koko. Hata mithali za wazee aghalabu humtaja mnyama huyu kwa kazi yake: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Sina nia ya kugombana na wazee. Napenda tu tujiulize, ndugu msomaji, kama historia ya mbwa na mwanadamu ni hii ya kufukuza wezi na kukimbiza swala basi, au kama liko jambo jingine ambalo tumelizoea kiasi cha kutoliona.

Mwaka 1914 wachimba mawe wa Oberkassel, karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Pamoja nao palikuwa na mifupa ya mnyama. Mifupa hiyo ilikaa miaka mingi pasipo kushughulikiwa sana, hadi miaka ya 1970 ilipotambuliwa kuwa ni ya mbwa. Kisha mwaka 2018 watafiti wakachapisha matokeo ya kuchunguza meno yake. Jino la mnyama mchanga, kama lile la mtoto wa binadamu, hutunza kumbukumbu: akiugua sana wakati jino likikua, ganda lake la nje hubaki na alama. Mbwa yule alikuwa na alama za namna hiyo, nazo zililingana na za mbwa waliougua distempa, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa mpaka leo. Kwa hesabu ya watafiti hao, alianza kuugua akiwa na umri wa wiki 19 hivi, akapata nafuu, akaugua tena na tena, akafa akiwa na wiki kama 28.

Aliyewahi kumwona mbwa mwenye distempa anajua maana yake. Ni homa, makamasi, kutapika na kuharisha, na mwisho degedege. Mtoto wa mbwa aliye katika hali hiyo hawezi kujitafutia maji wala chakula, na akiachwa peke yake haishi siku nyingi. Yule wa Oberkassel aliishi wiki kadhaa. Watafiti walikata shauri kwamba kuna mtu aliyempa maji, akamfuta uchafu na kumkinga na baridi, tena si mara moja. Hebu fikiri: watu wa zama za mawe, wenye kuhangaikia mlo wao wa kila siku, wanamuuguza mnyama asiyejua bado kuwinda wala kulinda, ambaye hata angepona ingechukua miezi kabla hajawafaa kwa lolote. Halafu alipokufa wakamlaza kaburini pamoja na watu. Mimi sioni jina jingine la jambo hilo isipokuwa mapenzi.

Mfano wa Misri ni mashuhuri zaidi, lakini kwangu una uzito mdogo. Huko Giza mwaka 1935 lilipatikana jiwe lenye maandishi, lenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, linaloeleza kuwa mfalme aliamuru mbwa mlinzi wake aitwaye Abuwtiyuw azikwe kwa heshima, kwa jeneza, kitani na ubani. Mfalme ana hazina, na mwenye hazina humzika amtakaye. Waliomuuguza yule wa Oberkassel hawakuwa na hazina.

Pwani yetu ina historia yake katika jambo hili, na mara nyingi husimuliwa nusu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi huko, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wengi huishia hapo. Walakini Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, aliyelala kizingitini amenyoosha miguu yake ya mbele. Na katika Hadithi sahihi yumo mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha, naye akasamehewa dhambi zake. Najisi ni suala la udhu na vyombo. Haikuwa kamwe ruhusa ya kumtupia mnyama jiwe.

Nyumbani kwangu, Musoma, wapo mbwa wawili. Bahati ni jike la rangi ya udongo. Chui ni dume jeusi, kijana, asiye na lolote la chui. Chakula chao ni ugali wa dona na dagaa, na utumbo siku ya gulio. Jioni, jua likishapungua makali, huanza michezo yao uani. Chui huinamisha kifua mpaka viwiko viguse ardhi, makalio yakibaki juu na mkia ukipepea. Wataalamu wa tabia za wanyama wameichunguza sana ishara hiyo, na wanatuambia kuwa ni tangazo: kitakachofuata ni mchezo, hata nikikuuma usidhani ni ugomvi. Bahati, ambaye kwa nguvu angeweza kumwangusha mara moja, hujilaza chali kwa makusudi ili naye mdogo apate zamu ya kushinda. Wajukuu wangu hucheka mpaka wakaketi chini. Wakati mwingine nami hucheka nao, gazeti likibaki mapajani halijasomwa.

Tena mbwa hututazama. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mbwa na mwenyewe wanapotazamana machoni kwa muda, homoni iitwayo oksitosini hupanda kwa wote wawili, ile ile inayohusika na mapenzi ya mama na mtoto wake mchanga. Kwa mbwa mwitu wa ulaya waliolelewa na watu, hali hiyo haikuonekana. Yaani maelfu ya miaka ya kuishi pamoja yameacha kitu katika damu ya mbwa, na pengine katika yetu pia. Ndiyo maana huona uchungu nikipita mahali mbwa amefungwa kutwa kwa mnyororo wa hatua mbili, juani, bakuli likiwa kavu, eti ili awe mkali. Mnyama wa namna hiyo hawi mlinzi. Huwa mwoga, na mwoga huuma yeyote, hata mtoto wa nyumba hiyo. Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, lakini nani amewahi kumwona mtu akiulizwa habari za mnyororo?

Sisi wa Mkoa wa Mara tuna sababu ya pekee ya kuzungumza juu ya afya ya mbwa. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka kwa degedege. Ilikuwa ni distempa, ugonjwa ule ule wa kaburi la Oberkassel. Takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi walikufa, yapata 1,000, pamoja na fisi na wanyama wengine. Lawama iliwaangukia mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Haikuwa bila msingi, kwa maana mbwa wa vijijini walikuwa wengi na hawakuwa na chanjo. Lakini utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa mambo hayakuwa mepesi hivyo: ukame wa mwaka 1993 uliwadhoofisha nyati, kupe wakazidi, na simba waliowala nyati hao wakaingiwa pia na vijidudu vya damu vinavyoenezwa na kupe. Tena ikaonekana kuwa virusi vya distempa huzunguka hata miongoni mwa wanyamapori wenyewe. Mbwa wa kijijini hakuwa mhalifu peke yake. Hata hivyo, maafa yale yalisaidia kufanya watu wamtazame kama mnyama anayestahili sindano.

Sindano hiyo inatuhusu sisi wenyewe zaidi tukija kwenye kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huu huua watu 59,000 hivi kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na sehemu kubwa ya wanaoumwa ni watoto. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka, idadi ambayo yaweza kuwa hadi mara 100 ya iliyoandikwa katika takwimu rasmi. Wengi hufia nyumbani, na ugonjwa hupewa majina mengine. Dalili zikishajitokeza, hakuna dawa.

Kwa miaka mingi jibu la haraka la watawala, tangu enzi za ukoloni, lilikuwa bunduki au sumu. Nakumbuka sauti za risasi alfajiri, na jinsi mama zetu walivyowafungia mbwa jikoni mpaka wapigaji wapite. Je, njia hiyo ilifaa? Visiwa viwili vinaweza kutujibu.

Cha kwanza ni Flores, nchini Indonesia. Kichaa cha mbwa kilifika huko mwaka 1997, kikiletwa na mbwa waliovushwa kutoka kisiwa kingine. Wakuu wakaamuru mbwa wauawe, na wakauawa kwa mamia ya maelfu. Ugonjwa haukuondoka. Ukiua mbwa wa kijiji, watu huwaficha waliobaki au huleta wengine kutoka mahali pengine, na hao wapya hawana chanjo.

Cha pili ni Pemba. Kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 kusini mashariki mwa Tanzania zilikihusisha kisiwa hicho. Pemba ni kisiwa cha Waislamu, ambako ungedhani hakuna atakayejisumbua kwa ajili ya mbwa, lakini wenye mbwa waliwapeleka. Kufikia mwaka 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka. Chanjo zikalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukaingizwa upya kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena, na mwaka 2018 ukatoweka kwa mara ya pili. Lengo la wataalamu ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Hao wakipatikana, ugonjwa hukosa pa kupita.

Kampeni ya namna hiyo ilipokuja kwetu, gari la matangazo lilipita mitaani jana yake, na asubuhi uwanja wa shule ukajaa. Wengi waliokuja walikuwa watoto, kila mmoja na mbwa wake, wengine kwa kamba ya katani, wengine wamembeba begani kama mbuzi. Mbwa walibweka, wakapigana, wakacheza, wakajikojolea. Bwana mifugo alikuwa akijaza kadi. Alipomfikia binti mmoja wa kama miaka minane, akamuuliza, "Mbwa wa nani huyu?" Binti akajibu, "Mbwa yangu." Mwalimu aliyekuwa karibu akamrekebisha: si mbwa yangu, ni mbwa wangu, yangu twasema kwa rafiki na ndugu. Binti akamtazama mwalimu, akamtazama mbwa, akarudia polepole, "Mbwa yangu, shikamoo." Watu wakacheka. Bwana mifugo akamdunga mbwa sindano na kumpa binti kadi.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba haiishi. Mbwa wetu wengi hawaishi miaka mingi, na majike huzaa, hivyo kila mwaka sehemu kubwa ya mbwa mtaani ni wapya. Wengi huwaacha watoto wa mbwa nyumbani siku ya chanjo, wakidhani bado ni wachanga mno kudungwa. Bwana mifugo wetu amesisitiza mara nyingi kuwa nao waletwe. Bahati amezaa wanne, na mmoja tayari anainamisha kifua mbele ya Chui ili wacheze. Kampeni ni Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, uwanja ule ule wa shule. Wajukuu wameshatafuta kapu la kuwabebea.