Wasioona Upareni: Huduma ilivyotoka bwenini hadi mlimani

Mzazi wa Chome, Mbaga au Vudee, huko Upareni, aliyekuwa na mtoto asiyeona mwanzoni mwa miaka ya 1950, akitaka asome, alielekezwa Buigiri, Dodoma. Shule hiyo, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini kwa wasioona. Kumpeleka mtoto huko kulimaanisha kuagana naye kwa miezi mingi.

Masafa yalipungua mwaka 1963, Walutheri walipofungua Shule ya Wasioona Irente, karibu na Lushoto. Kwa watu wa Hedaru, Irente ni ujirani: unafuata barabara ya Tanga hadi Mombo, kisha unapanda Usambara. Baadaye Shule ya Msingi Mwereni, mjini Moshi, ikawapokea wasioona wasome pamoja na wenzao wanaoona.

Mwaka 1964 wasioona wenyewe waliunda Chama cha Wasioona Tanzania, TLB. Tangu hapo hawakungoja tena kusemewa. Siku ya Fimbo Nyeupe, tarehe 15 Oktoba, imekuwa jukwaa lao la kudai fimbo, vitabu vya nukta nundu, ajira na usalama barabarani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliyatamka madai ya namna hiyo kuwa haki.

Upande wa tiba, hatua kubwa ilikuwa kufunguliwa kwa Hospitali ya KCMC, Moshi, mwaka 1971. Mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza kwa kupofusha wazee, huondolewa kwa upasuaji mfupi: lenzi iliyofifia hutolewa na kuwekwa ya bandia. Hata hivyo, wazee wengi mkoani Kilimanjaro waliendelea kukaa gizani.

Kwa nini? Kituo cha KCCO, kilichoanzishwa Moshi mwaka 2001 kushughulikia afya ya macho katika jamii, kilikwenda kuuliza familia zenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa gharama ni sehemu tu ya kikwazo. Wazee wengi huona upofu kuwa ndio uzee, na huona haya kuwaomba watoto wao fedha. Uamuzi wa kwenda hospitali ni wa familia nzima. Na hata upasuaji ukiwa wa bei nafuu, bado kuna nauli, chakula na mtu wa kumsindikiza.

Kliniki za mkoba zinajibu hilo. Wataalamu huja karibu na wananchi, hupima macho, na wanaohitaji upasuaji husafirishwa pamoja na kurudishwa. Kwa Upareni, tangazo likisomwa msikitini Ijumaa, kwa Wasabato Jumamosi na kwa Walutheri Jumapili, kaya chache sana hazitalisikia.

Kusikia tangazo hakutoshi kumteremsha bibi kutoka mlimani. Hapo ndipo Wapare wana hazina yao: msaragambo, ile kazi ya pamoja iliyochimba mifereji na ndiva (mabwawa ya kuhifadhia maji) na kujenga shule. Kiongozi wa kitongoji anayeorodhesha watu wa kwenda kutengeneza barabara anaweza pia kuorodhesha wazee wasioona na vijana wa kuwasindikiza. Mtoto wa jicho unatibika. Mzee kubaki kipofu kwa kukosa mtu wa kumfikisha mjini Same ni jambo ambalo jamii yenye msaragambo haina sababu ya kulikubali.