Kupangua ili Kupanga

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya mahali palipochakaa. Gofu ni jengo lililobakiwa na kuta bila paa. Hame ni pale ambapo watu wamehama. Neno hilo limetokana na kitendo chenyewe. Anayeandika kuhusu mahekalu ya Angkor, Kambodia, husema "magofu", na kwa hekalu la Ta Prohm hajakosea: paa zimeporomoka, mizizi minene imeteremka ukutani na kupenya katikati ya mawe, hata mti ukianguka huenda na ukuta. Ila Angkor si mahame. Watawa wa Kibudha wamesali Angkor Wat karne baada ya karne, na vijiji vimo ndani ya hifadhi. Mgeni anayekwenda huko anazuru, kama tunavyozuru makaburi, mabega na magoti yamesitiriwa.

Kinachonikera zaidi ni kitenzi. Tunaandika kwamba mahekalu "yanakarabatiwa". Nyumba ikikarabatiwa huzibwa nyufa, hupigwa plasta na rangi, ikang'aa. Wahifadhi wa Angkor wanaukwepa mng'ao huo. Njia ambayo mhifadhi Henri Marchal alijifunza kwa Waholanzi kule Java, akaanza kuitumia kwenye hekalu la Banteay Srei mwaka 1931, huitwa anastilosisi: jengo hushushwa jiwe baada ya jiwe, mahali pa kila jiwe pakaandikwa, msingi ukaimarishwa, kisha mawe yakarudishwa yalipokuwa. Jiwe jipya huingia pale tu ambapo ukuta hausimami bila hilo, na halifichwi upya wake.

Kauli ya kutendua inatupa tunachohitaji: funga, fungua, ziba, zibua, panga, pangua. Napendekeza tuseme hekalu linapanguliwa ili lipangwe. Tazama hekalu la Baphuon. Miaka ya 1960 wataalamu wa Kifaransa walilipangua, mawe yapatayo 300,000 yakatandazwa msituni. Vita vikawaondoa, na kumbukumbu zilizoonyesha kila jiwe limetoka wapi zikaangamia wakati wa utawala wa Khmer Rouge. Kazi ilianza tena mwaka 1995, ikakamilika 2011. "Kukarabati" hakuwezi kuisimulia kazi hiyo. Neno hilo halina nafasi ya ile miaka ambayo hekalu lilikuwa limekwisha kupanguliwa, mawe yamelala kwenye majani, na maelezo ya kulipanga yamepotea.