Mchezaji wa Kujileta: Kutoka Njia ya Misafara hadi Uwanja wa Shule



Katika shule yetu karibu kila jambo lilikuwa na orodha yake. Mwanafunzi hakuingia kidato cha kwanza ila jina lake limeonekana miongoni mwa waliochaguliwa. Hakulala bwenini ila amepangiwa kitanda. Wala hakuwa kiranja ila ameteuliwa. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mtu aliweza kufika bila kuitwa na bado akapokewa, napo ni uwanja wa mpira siku ya majaribio.

Makala haya yanamhusu mtu huyo, ambaye nitamwita mchezaji wa kujileta. Nia yangu ni kuonyesha kwamba mtu wa namna hii si mgeni katika nchi hii ya Tabora, kwamba timu nyingi duniani zimenufaika naye, na kwamba leo mlango wake unazidi kuwa mwembamba.

Wapagazi wa Unyamwezi

Tuanze na barabara. Kabla ya reli, nchi yetu, kutoka Tabora kuelekea Urambo, Kaliua, Uvinza hadi Ujiji, ilipitiwa na njia za misafara. Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo, mwezi wa Novemba 1857, waliikuta biashara ya pwani na bara imekwisha kukomaa, na mabega yaliyoibeba yalikuwa hasa ya Wanyamwezi. Burton aliandika kwamba kwao safari ya upagazi ilihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume, hata watoto wa miaka sita au saba wakaanza kubeba pembe ndogo begani ili wazoee.

Haifai kusahau kwamba njia hizo hizo zilipitisha watumwa. Lakini Wanyamwezi wengi waliobeba mizigo walikuwa watu huru, nao walikwenda kwa ujira. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu alichokitoa mwaka 2006, ameeleza kwa kirefu jinsi watu hawa walivyokuwa wafanyakazi wenye desturi zao, heshima zao na masharti yao. Mzigo ndio uliokuwa mtihani. Frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, zilikaa begani kwa miezi mitatu au zaidi. Hapakuwa na cheti cha kumwombea mtu radhi akishindwa njiani, wala hapakuwa na ukoo uliomfanya mzigo wake uwe mwepesi. Kirangozi mwenyewe, aliyetangulia mbele ya msafara, alikuwa mpagazi miongoni mwa wapagazi, ila yeye alikuwa ameijua njia.

Malipo yalikuwa nguo: kaniki, na ile nguo nyeupe ya pamba iliyoitwa merikani kwa sababu ilitoka katika viwanda vya Marekani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, upagazi wa masafa marefu katika njia hii ulikwisha. Sisemi kwamba mpira wetu ulizaliwa na misafara. Nasema tu kwamba wazo la kijana kutoka nyumbani kwao, kujitokeza mbele ya watu na kupimwa kwa kazi yenyewe, babu zetu walilijua kabla ya mpira kufika.

Marekani ambako jambo hili lina jina

Nguo ya merikani inanipa nafasi ya kuvuka hadi kwao ilikotoka, kwa kuwa huko desturi hii imekuwa na jina, kanuni na hata sherehe. Vyuo vikuu vya Marekani vina mpira wao, ule unaochezwa kwa mikono na kofia ngumu, na mechi zake hutazamwa na maelfu kwa maelfu. Wachezaji wanaotafutwa na makocha wamekuwa wakilipiwa masomo. Pembeni yao wapo vijana wasiotafutwa na mtu: wanajilipia ada kama wanafunzi wengine, wanakwenda kwenye majaribio, na wakikubaliwa wanafanya mazoezi yale yale bila ahadi ya kucheza.

Historia yao inafuata hesabu za nafasi. Mwaka 1973 chama kinachosimamia michezo ya vyuo kiliweka kikomo cha wachezaji 105 wa kulipiwa masomo kwa kila timu kubwa ya mpira huo. Mwaka 1978 kikashushwa hadi 95, na kufikia mwaka 1994 kilikuwa 85. Kadiri kikomo kilivyoshuka, ndivyo timu zilivyowahitaji zaidi wale wa kujileta. Chuo Kikuu cha Nebraska, katika jimbo la wakulima lenye watu wachache, kilijijengea sifa kwa vijana wa vijijini waliokuja kwa nauli zao, wakasubiri miaka miwili au mitatu, kisha wakaingia uwanjani.

Anayejulikana zaidi ni Daniel Ruettiger, kijana mfupi, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda, aliyekataliwa mara tatu kabla ya kukubaliwa kusoma Notre Dame. Alifanya mazoezi na timu kwa misimu miwili. Tarehe 8 Novemba 1975, katika mechi yake ya mwisho nyumbani, aliingizwa zikiwa zimebaki sekunde chache, akamwangusha mpinzani aliyeshika mpira, na wenzake wakambeba mabegani. Filamu ya mwaka 1993 iliipeleka habari hiyo dunia nzima. Lakini wako waliofika mbali kuliko yeye. Baker Mayfield alijileta katika vyuo viwili, Texas Tech mwaka 2013 na baadaye Oklahoma, na mwaka 2017 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote.

Mwaka 2025 mambo yalibadilika. Kufuatia kesi kubwa iliyoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji, kikomo cha wanaolipiwa masomo kiliondolewa, na mahali pake pakawekwa kikomo cha watu 105 katika timu nzima. Timu zilizokuwa na watu zaidi ya hao zikaanza kupunguza, na waliopunguzwa kwanza ni wale wale waliokuja wenyewe. Ilibidi jaji ashike msimamo ndipo waliokwisha kupoteza nafasi waruhusiwe kurudi bila kuhesabiwa. Kwa wale watakaokuja baadaye, mlango umekuwa mdogo.

Uwanja wetu

Sasa turudi nyumbani. Sisi tuliosoma miaka ya 1990 twakumbuka utaratibu. Mwanzoni mwa mwaka mwalimu wa michezo alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo: majaribio siku fulani, saa kumi jioni, wote mnakaribishwa. Wenye njumu walikuja na njumu, wasio nazo walikuja peku. Majina hayakuulizwa mpaka mwisho. Mwalimu aligawa watu makundi mawili kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili, akapuliza kipenga na kukaa kimya.

Katika darasa letu alikuwapo mtoto wa mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Kaliua, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akiokota mipira nyuma ya goli. Hakuna bweni lililomchagua. Siku ya majaribio ya mwaka uliofuata alisimama beki wa kushoto kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeitaka namba hiyo, na kwa nusu saa hakuna winga aliyempita. Hakufika klabu kubwa, wala hadithi yake haina filamu. Aliichezea shule misimu miwili, na katika misimu hiyo miwili upande wetu wa kushoto ulikuwa salama. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyepona hapo ni timu.

Ukiitazama vizuri jioni ile, utaona ilisimama juu ya mambo matatu. Siku ilitangazwa mapema kwa wote. Mwamuzi alitazama mguu kabla ya kuuliza jina. Na orodha ilikuwa bado haijafungwa. Ukiondoa moja tu kati ya hayo, majaribio hugeuka kuwa maonyesho ya watu waliokwisha kuchaguliwa. Sisi watumishi wa umma twalijua jambo hili vizuri, maana ndiyo sababu nafasi za kazi hutangazwa na watu wakaitwa kwenye usaili.

Mlango unapofungwa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa nchini kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo, na yalirejeshwa miaka kadhaa baadaye. Waliokuwa sekondari katika kipindi hicho walimaliza bila kupimwa. Hatuwezi kuwahesabu, kwa sababu mchezaji asiyeonekana haachi kumbukumbu.

Leo UMISSETA inaendelea, na mwaka 2022 na 2023 fainali za taifa zilichezwa hapa hapa Tabora. Mji wetu umepata hata timu ya Ligi Kuu, pale Kitayosce walipopanda mwaka 2023 na kuitwa Tabora United. Ni mambo ya kujivunia. Lakini njia ya kijana kufika huko hupanda ngazi kwa ngazi, toka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa, na kila ngazi ina nauli yake. Shule isiyo na nauli haipeleki mtu, na kijana asiyepelekwa hajulikani kama yupo. Wilaya ya Kaliua ilipogawanywa kutoka Urambo mwaka 2012 safari ya kwanza ilifupishwa kwa baadhi ya shule, ila vijiji vya mbali na reli bado ni vya mbali. Na pale timu za vijana zinapodai ada ya kujiunga, mtoto wa mkulima hubaki nyuma ya goli akiokota mipira.

Kwa hiyo natoa pendekezo lijadiliwe katika mkutano wetu. Chama chetu kigharimie siku moja ya majaribio ya wazi kila mwaka katika uwanja wa shule. Itangazwe mwezi mmoja kabla katika shule zote zilizo kando ya reli, toka Tabora hadi Kaliua, na hata tawi la kwenda Mpanda. Wanafunzi walipiwe nauli na chakula cha mchana. Waamuzi wawe walimu wa michezo wa shule tofauti, na kila kijana avae namba badala ya jina. Matokeo yapelekwe kwa maofisa michezo wa wilaya kabla timu zao hazijapangwa, maana yakifika baada ya hapo tutakuwa tumecheza bure.

Gharama si kubwa kwa watu wa idadi yetu. Wengi wetu tuliitwa kwa barua katika kila hatua ya maisha, tukapata elimu na kazi. Tuwafungulie siku moja wale ambao barua haikuwafikia.